Zulia la kale la Kibulushi: anza kwa kuligeuza

Mzee mmoja wa soko la Mutrah, Muscat, mwenye Kiunguja kilichonyooka kuliko changu, ndiye aliyenifundisha. Nilikuwa nimepiga magoti juu ya zulia dogo lenye wekundu wa kiza, nasifu michoro kama niliyelipwa. Akaniacha nimalize. Kisha akakamata pembe, akalipindua uso chini.

"Mwanangu, huo uso ni wa kuuzia. Nisomee huku."

Sikuweza kusoma hata neno. Mwongozo huu ni yale niliyojifunza baada ya siku ile, mengine kwa kuuliza na mengine kwa kuibiwa. Ni kwa yule anayepita Mutrah, Deira ya Dubai au Sharjah na kukuta rundo la mazulia yanayoitwa "Bulushi ya zamani", au aliyeko Ulaya na kuona moja kwenye mnada, akataka kujua anachokishika kabla ya kutoa pesa.

Beba vitu vinne: futi ya fundi cherehani, kioo cha kukuzia, kitambaa cheupe cha pamba na tochi ya simu.

Hatua ya 1: Jua jina linabeba nini

Sokoni, "Bulushi" ni jina la familia nzima ya mazulia madogo yenye rangi nzito. Yalifumwa na makabila ya wafugaji wa Khorasan, kaskazini-mashariki mwa Iran, na ya magharibi mwa Afghanistan, kutoka Herat kushuka Farah hadi Sistan. Mashhad na Herat ndiyo miji yalikouzwa, na jina lilishikamana nayo huko. Wafumaji wake hawakuwa Wabulushi wote. Walikuwamo Wataimuri, Waarabu wa Khorasan na Wakurdi, walioishi jirani na kuigana michoro. Kwa hiyo muuzaji akikutajia kabila kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo, muulize ameliona wapi kwenye zulia lenyewe. Akikuonyesha ukingo, fundo au aina ya sufu, huyo msikilize. Akianza kisa cha bibi harusi na ngamia, kunywa kahawa yake na uendelee kukagua.

Hapa kuna mtego hasa kwa sisi wa pwani. Wabulushi tunawajua: askari wa Seyyid Said, walinzi wa Ngome ya Yesu Mombasa, wale waliosindikiza msafara wa Burton na Speke mwaka 1857. Lakini wengi wa hao walitoka Makran, pwani ya kusini ya Iran na Pakistan ya leo, ambako bandari ya Gwadar ilikuwa mali ya Oman hadi 1958. Kutoka Makran hadi Khorasan ni mwendo mrefu wa jangwa, na ufumaji uliozoeleka kusini ni wa bapa, usio na manyoya. Ukiwa na babu Mbulushi, hilo ni jambo la fahari, ila halikupi ujuzi wa zulia la Torbat-e Heydarieh, mji wa Khorasan. Nalisema kwa sababu nimeona mtu akilipa zaidi kwa ajili ya ukoo.

Neno "la kale" kwa wafanyabiashara waangalifu maana yake ni umri wa miaka 100 au zaidi. Yale mazuri yaliyosalia ni ya nusu ya pili ya karne ya 19 na miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Zulia lenye vifaru, helikopta na bunduki limefumwa baada ya Wasovieti kuingia Afghanistan mwaka 1979. Hayo nayo yana wapenzi wake, lakini si ya kale.

Hatua ya 2: Geuza, usome mgongo

Lilaze uso chini penye mwanga wa mchana. Taa ya duka huwa na urafiki na mwenye duka.

Tafuta mtande, yaani zile nyuzi zinazokwenda urefu wa zulia na kutokeza mwishoni kama matamvua. Katika kazi ya zamani ya Kibulushi huwa ni sufu ya kondoo, nyeupe ya maziwa, nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Mshindio, unaopita kwa upana baina ya safu za mafundo, huwa ni sufu ya kahawia au nyeusi, na kwa kawaida hupita mara mbili baada ya kila safu. Mtande wa pamba hujitambulisha: ni mweupe wa chaki, haung'ai, na ukiushika ni kama uzi wa kushonea gunia. Ukiuona, ondoa neno "la kale" kichwani. Pamba ilienea katika mazulia haya wakati karne ya 20 ilikwisha kusonga.

Sasa fundo. Wabulushi walio wengi hutumia fundo la Kiajemi: uzi huzunguka mtande mmoja kikamilifu na kupita nyuma ya jirani yake tu, ukibaki wazi upande mmoja, aghalabu wa kushoto. Huna haja ya kulichokoa ili kulijua. Geuza zulia uso juu, pitisha kiganja kushoto na kulia. Manyoya ya fundo hili huinamia chini na pia pembeni kidogo, kwa hiyo upande mmoja utateleza na mwingine utakukwamisha kama kidevu kilichonyolewa juzi. Fundo la Kituruki, linalokumbatia nyuzi zote mbili sawasawa, huinamia chini tu. Nalo hupatikana kwenye baadhi ya vipande vya Khorasan, hasa vya Wakurdi, na si kosa. Ni habari ya kujua tu.

Hesabu mafundo. Pima sentimita 5 kwa upana, kisha 5 kwa urefu. Kosa la mgeni ni hili: kila fundo hukamata nyuzi mbili za mtande, kwa hiyo mgongoni laweza kuonyesha vinundu viwili vya rangi moja vilivyokaa ubavu kwa ubavu. Hivyo ni fundo moja, si mawili. Tafuta mahali ambapo mchoro una mstari mwembamba wa kusimama, uone upana wa fundo moja, ndipo uanze. Ukipata 16 kwa 20, hiyo ni 32 kwa 40 katika sentimita 10, sawa na mafundo 1,280 kwa eneo la sentimita 10 kwa 10. Ni hesabu ya kawaida kabisa kwa Bulushi. Usimkubali anayepandisha bei kwa idadi ya mafundo peke yake. Haya si mazulia ya kasri la Isfahan, na ubora wake hauko huko.

Mwisho, kunja. Bulushi nzuri ya Khorasan hulegea mkononi, karibu kama blanketi. Likunje taratibu huku umelisogeza sikioni. Ukisikia mlio mdogo, tu-tu-tu, kama chapati ya jana inayovunjika, acha papo hapo. Mtande umeoza kwa unyevu na hakuna fundi atakayeufufua.

Hatua ya 3: Kingo na ncha

Hapa wauzaji hawadanganyi sana, kwa sababu wanunuzi wengi hawapaangalii.

Ukingo wa pembeni hufungwa kwa manyoya ya mbuzi, ya kahawia iliyokaribia weusi, magumu kama ya brashi, mara nyingi kamba nne zilizosukwa bapa sambamba. Yaguse. Ukikuta uzi laini wa rangi moja uliopigwa mshono sawa sawa, ukingo umefanywa upya. Si dhambi, mradi bei ijue.

Juu na chini, baada ya manyoya kwisha, wafumaji waliendelea kwa ufumaji bapa: milia, vimeno, wakati mwingine safu nzima ya vijichoro vilivyopambwa kwa mshindio wa ziada. Kipande hiki huchakaa kwanza, na wafanyabiashara wengi walikuwa wakikikata ili zulia lionekane nadhifu. Ukikuta zulia ambalo bado linacho pande zote mbili, kaa chini. Mara nyingi ndicho kinachonifanya nipende kipande ambacho katikati yake ni cha kawaida.

Hatua ya 4: Rangi

Kwa mbali zulia la Kibulushi huonekana limezimika. Lisogelee. Utaona nili ya buluu inayokaribia usiku, wekundu wa mizizi ya mmea ambao Waajemi huuita ronas, kahawia ya ngamia, na ile rangi ambayo Kiswahili kimeipatia jina bora kuliko lugha yoyote niijuayo: damu ya mzee. Nyeupe hutumiwa kwa ubahili, nukta hapa, ua pale, ili giza lipate pa kupumulia.

Fungua manyoya kwa vidole viwili mpaka uone shina la fundo. Kwenye rangi za mimea, ncha na shina hutofautiana kidogo tu, na ncha imepoa kwa upole. Ukikuta ncha ni ya kijivu au ya majivu, lakini shina ni zambarau kali au waridi la pipi, hiyo ni rangi ya kiwandani ya mwanzo. William Henry Perkin aligundua rangi ya kwanza ya aina hiyo London mwaka 1856, na nyingine zikafuata upesi. Zulia lenye rangi hizo haliwezi kuwa la miaka ya 1700, hata muuzaji akiapa kwa nani. Rangi ya kiwandani kidogo haiui kipande cha mwaka 1900; wafumaji wenyewe walizifurahia, na waliweka hata vidokezo vya hariri ya waridi kama anavyoweka mtu kipini. Yanayochosha macho ni yale ya machungwa makali yanayopiga kelele kutoka mlangoni.

Angalia mistari ya kahawia nyeusi inayozunguka michoro. Weusi huo ulipatikana kwa kuchanganya chuma na maganda au matunda yenye ukakasi, na chuma hula sufu polepole. Baada ya miaka mingi, sehemu nyeusi hubonyea na rangi nyingine husimama juu yake kama zimechongwa. Ni dalili nzuri ya umri, ndiyo maana hughushiwa kwa mkasi. Chukua kioo. Sufu iliyoliwa na chuma huisha ovyo, fundo hili fupi na jirani yake refu kidogo, ncha zimevunjika. Iliyokatwa kwa mkasi iko sawa kama nywele zilizotoka kinyozi.

Halafu kitambaa cheupe. Kiloweshe kidogo, omba ruhusa, sugua mahali pekundu na mahali peusi. Mimi sikusugua. Katika duka moja la Ghuba nilinunua mswala wenye kahawia nzuri ya zamani, nikaufikisha nyumbani, nikaupangusa kwa maji baridi. Maji yakatoka kama chai ya rangi, na kweli ilikuwa karibu na hiyo: nyeupe zote zilichovywa ili zizeeke, na palipochakaa pamepakwa wino wa kalamu. Siku hizi naangalia matamvua. Zulia lililochovywa huwa na matamvua ya kahawia ileile ya uso, hadi ndani ya msokoto wa uzi, ambako vumbi la kweli halifiki.

Milia ya rangi moja inayobadilika kidogo kwa kiza na wepesi, ikikata zulia kwa upana, isikutishe. Mfumaji alimaliza sufu ya pipa moja la rangi akaanza ya pipa lingine. Mimi naitafuta.

Hatua ya 5: Soma michoro

Kwa nini kila kitu ni pembe? Kwa sababu fundo ni kama kigae. Ukiwa na mafundo 32 tu kwa upana wa sentimita 10, mviringo hugeuka ngazi, jani hugeuka msumeno, jogoo hugeuka mraba wenye mkia wa kitana. Fundi wa mji hukwepa hilo kwa mafundo mengi na mchoro uliochorwa karatasini. Mwanamke wa hemani hakuwa na karatasi. Alifuma kwa kukumbuka, au kwa kutazama zulia la mama yake lililokuwa sakafuni, kwenye kitanda cha kufumia kilicholazwa chini na kushikwa kwa vigingi, ambacho kambi ikihama hung'olewa na kukunjwa na zulia likiwa nusu. Ndiyo maana upana wa chini na wa juu hautoshani, na ndiyo maana pindo likifika pembe mara nyingi halipindi vizuri: linagonga ukuta na kuanza upya. Pembe zilizokokotolewa bila kosa hata moja hunifanya nitazame tena mtande.

Msomaji wa Kiswahili ana msaada hapa, kwani kanga imemfundisha kutenganisha pindo na mji. Fanya hivyohivyo. Hesabu mapindo: kuu moja, na madogo yanayolisindikiza, kati yao ule mchoro wa mawimbi yenye ndoana yanayofukuzana. Kisha ingia mjini.

Mji wenye maua makubwa yaliyozungukwa na madogo meupe na kuunganishwa kwa mabua kama wavu, ni *mina khani*. Ni mchoro wa bustani wa mijini ulionyooshwa na mikono ya jangwani. Ukikuta maumbo ya pembe nane yaliyogawanywa robo kwa rangi, hizo ni *gul* za majirani Waturkmeni, na zilikopwa bila aibu. Misambamba iliyo ndani ya misambamba, kila upande umeota kulabu, katika buluu na kahawia nzito, soko huiita Mushwani na kuipeleka upande wa Herat.

Mswala ndio niupendao zaidi. Kwa kawaida una sentimita 80 au 90 kwa 130 hadi 150. Mihrabu yake haina tao. Ni mstatili mdogo uliosimama juu ya mstatili mkubwa, kama mlango wa boma, na kushoto na kulia kwake kuna vyumba viwili vya mraba pale mikono inapoangukia katika sijda. Katikati, juu ya kahawia ya ngamia, husimama mti: shina lililonyooka, matawi yanayotoka kwa pembe, majani yenye meno. Kahawia hiyo, licha ya jina, yaweza kuwa sufu ya kondoo tu. Kuna kundi jingine la miswala liitwalo *dokhtar-e qazi*, binti wa kadhi, lenye vichaka vya maua vilivyopangwa kwa utulivu. Huhusishwa na magharibi mwa Afghanistan.

Kuhusu maana, nitakuwa mkali kidogo. Utaambiwa kulabu ni pembe za kondoo dume, nyota ni jicho la kukinga husuda, ndege ni roho. Pengine mfumaji mmoja alisema hivyo. Mwingine alifuma kulabu kwa sababu kulabu hujaza nafasi tupu vizuri, na binti yake akamwiga. Usilipie maana.

Hatua ya 6: Tambua kilikuwa chombo gani

Vipande vingi vidogo havikuwa mazulia ya sakafu. *Balisht* ni mfuko mrefu wa mto, takriban sentimita 40 kwa 80, uliojazwa nguo au manyoya. *Khorjin* ni mifuko miwili ya kutandazwa mgongoni kwa punda. *Namakdan*, mfuko wa chumvi, una shingo nyembamba. *Sofreh* ni kitambaa cha kulia chakula, ndugu wa mkeka wetu wa kulia, na katikati yake mara nyingi huachwa bila pambo, kahawia tupu.

Mifuko mingi ilikatwa mgongo ikauzwa uso peke yake. Tazama mojawapo ya pande: ikiwa kuna vitanzi vya kufungia, au mabaki ya ufumaji bapa wa mgongo, umeshika mfuko. Wenye mgongo wake kamili unastahili bei zaidi, na wanawake wa Kibulushi walipamba hata mgongo huo.

Hatua ya 7: Patana

Orodhesha kasoro kwa mpangilio, usipige kelele: ncha zimekatwa, ukingo mpya, mashimo ya nondo (shikilia zulia mbele ya mwanga, utayaona kama nyota), palipopakwa wino. Taja kila moja mara moja, kisha nyamaza. Ukimya wako una bei. Ukipenda kipande, kisifie kwa jambo la kweli, mfano ncha zake. Muuzaji anayejua kazi atakuheshimu, na wakati mwingine atafungua kabati la nyuma.

Kwa ndugu walioko Marekani: tangu 2018 nchi hiyo imerudisha marufuku ya kuingiza mazulia ya Iran. Kipande cha Herat na kipande cha Mashhad vyaweza kufanana kama mapacha, lakini kwa afisa forodha jina la nchi kwenye karatasi ndilo zulia. Uliza kabla ya kulipa.

Hatua ya 8: Likifika nyumbani

Pwani yetu, kwa joto na unyevu wake, si rafiki wa sufu. Usilitandike moja kwa moja juu ya saruji inayotoa jasho. Weka kitu kinachopitisha hewa chini yake. Usilianike juani, usilipige kwa fimbo, na mtu asilikaribie na Jik. Mashine ya kufyonza vumbi ipite taratibu bila brashi inayozunguka, isiguse matamvua. Kila miezi michache ligeuze, ukague mgongo, maana nondo hupenda mahali penye giza pasipoguswa: chini ya kabati, chini ya kochi.

Ukiona viwavi vidogo vyeupe au unga kama wa mbao, piga vumbi nje, kunja zulia likiwa kavu kabisa, lifunge ndani ya mfuko wa plastiki bila kuacha upenyo, uliweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukilitoa, acha mfuko umefungwa siku nzima hadi zulia lirudi kwenye joto la chumba. Ukiufungua mapema, umande utaingia kwenye sufu, na utakuwa umeua nondo ukakaribisha ukungu.